Mwanangu, kuhusu ule unga wako

Zuhura mwanangu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kama kila mwaka upepo wa kusi ukianza, na paka amezaa tena kwenye kabati la sufuria, wanne safari hii, mmoja kilema lakini ndiye mlafi kuliko wote.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, nikadhani umeutuma muda uleule, kumbe simu inasema saa tisa na dakika kumi usiku. Umeuliza kama huo unga wa ashwagandha, dawa ya mitishamba ya Kihindi, uliouziwa na mwenzako wa kazini unaweza kuunywa pamoja na chai ya mchaichai, na bibi yako alikuwa akitia nini kingine kwenye birika lake, maana chai yako unasema haikulazi. Kisha sauti ikashuka. Ukasema hesabu za nusu mwaka hapo benki zinakumaliza, Hamadi hajui kuwa hulali, na nisimwambie mama.

La birika ni rahisi. Majani matatu ya mchaichai yaliyopigwa fundo, kichwa kimoja cha mrehani, na kungumanga aliyoikwangua kwa ncha ya kisu mara mbili. Mara mbili tu, nilikuwa nikihesabu kwa masikio. Maji yakichemka aliepua kwanza, ndipo akatia majani akafunika. Alikuwa akisema ukiyachemsha majani harufu inaondoka na mvuke, unabaki unakunywa rangi. Pengine hapo ndipo unapokosea, maana wewe nakujua, unasahau birika jikoni mpaka lilie.

Sasa hiyo kungumanga.

Nyinyi watoto hadithi ya kungumanga mnaijua kwa upande wake wa kuchekesha. Kila sikukuu kaka yako hujilaza mkekani akaniigiza nikiwaaga majirani mmoja mmoja, hadi mbuzi wa nyumba ya pili, nami hucheka pamoja nanyi. Mbuzi sikumuaga. Nilimwomba radhi, kwa kuwa jioni ile nilikuwa nimempiga jiwe bure. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza mtu mzima, mwenye akili zake, anatwanga kungumanga usiku kwa sababu gani.

Ilikuwa mwaka 1994. Serikali ilikuwa imeanza kuuza na kufunga mashirika yake, na sisi wa viwanda vya Tanga tulijua zamu yetu inakuja, ila kila mmoja aliamini itaanza kwa jirani. Nilikuwa mtu wa boila, lile tanuri la kuchemshia mvuke wa kiwanda, miaka 11. Ijumaa moja orodha ikabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, jina langu la nne kutoka chini. Nikalisoma, nikalisoma tena, nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani, nikala, nikanyamaza.

Jumatatu nikaamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa, nikachukua bakuli la chakula lililofungwa kitambaa, nikatoka. Nikaenda kukaa Bustani ya Jamhuri, natazama kisiwa cha Toten na matishari yanayokwenda na kurudi kwenye meli zilizotia nanga huko nje. Kesho yake tena. Saa sita nakula chakula changu, naswali, nakaa. Saa tisa na nusu narudi nyumbani nimechoka kweli, maana kukaa bila kazi siku nzima kunachosha kuliko kupakia kuni. Mwisho wa mwezi nikakopa pesa kwa rafiki, nikazileta nyumbani kama mshahara. Nilifanya hivyo wiki tano.

Usiku sikulala. Nyumba ilikuwa imejaa. Mama yako alikuwa ndani ya arobaini ya mdogo wako, na bibi yako amevuka kutoka Wete kuja kumwangalia mzazi, yeye na kapu lake la viungo vya uji. Na unajua mkwe na mkwe. Mimi na yule mama tulikuwa tukiamkiana, nainamisha macho, basi. Hawezi kuniuliza mbona husikika unatembea ukumbini saa nane. Siku ya tatu jioni nimekaa kibarazani, akatoka amempakata mtoto, akaweka birika chini limefunikwa kawa, akamwambia mtoto kwa sauti: "Mwambie baba yako chai yake hii, ainywe pole pole, ni ya moto." Mtoto mwenyewe hana hata wiki moja. Kuanzia hapo kila magharibi mtoto alipewa ujumbe aniletee.

Na nililala. Saa tatu, saa nne hivi za usingizi kwa usiku. Kwa mtu niliyekuwa nimefika hatua ya kuhesabu mbao za dari, hiyo ilikuwa neema.

Basi ikafika siku mwenye duka akanidai mbele ya watu, nikarudi nikampiga yule mbuzi, na usiku nikafanya hesabu zangu. Ikiwa kukwangua mara mbili kunanipa saa nne, kungumanga mbili nzima zitanipa usiku mzima na mchana wake. Mimi huyo, niliyewafokea vijana miaka 11 kwamba moto mwingi si mvuke mwingi, ni hatari! Nikazitwanga kwenye kinu cha bizari, nikakoroga kwenye maji ya moto, nikaziba pumzi nikanywa. Saa tatu usiku hiyo. Saa nne, hakuna kitu. Saa tano, hakuna kitu, nikamlaumu bibi yako moyoni kwamba alikuwa akinipa maji ya majani. Kungumanga haina haraka, Zuhura. Inakaa saa kadhaa kabla haijakushika, na wengine huongeza juu yake wakidhani haijafanya kazi.

Ilinishika saa saba. Mdomo ukakauka hadi ulimi ukagandana na kaakaa. Moyo ukawa unakwenda kama pampu iliyoishiwa maji. Nikashika ukuta niinuke, ukuta ukabonyea. Nikasikia adhana, na adhana bado kabisa, nikajua hiyo ni yangu. Nikatoa shahada kwa sauti iliyoamsha mtaa. Yaliyofuata kaka yako huyaigiza vizuri, sina la kuongeza.

Anachokosa ni hiki. Hospitali, kijana wa zamu amenishika mkono anahesabu mapigo, akaniuliza, "Mzee, umekula nini?" Mama yako amesimama pale na kichanga, hata arobaini hajatimiza, amejitanda kanga aliyolalia. Nikafungua mdomo niseme kungumanga. Nikasema, "Nimepunguzwa kazi."

Mama yako akasema, "Hilo tunalijua. Daktari anakuuliza umekula nini."

Walijua tangu wiki ya kwanza. Bibi yako ndiye aliyekuwa akifua, na mashati yangu yalikuwa hayanuki mafuta wala moshi. Wiki tano wale wanawake wawili walifua mashati safi, wakaniamsha niwahi kazini, wakanifungia chakula, wakasubiri niseme. Kizunguzungu kiliisha siku ya pili. Lakini mpaka leo nikimwona mama yako anaanika shati langu, natafuta shughuli nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana nasema, na mtanisikia nikisema mpaka mnifukie: dawa ya kutuliza moyo hainywewi kwa kificho. Ya minyoo kunywa peke yako, hata ya malaria. Ya moyo, lazima awepo anayejua kwa nini unainywa.

Najua utakachosema, kwa sababu nakisema mwenyewe. Utasema, baba, basi jani halina kazi, kinachotuliza ni mtu. Sikusema hivyo. Au nilisema zamani, nikakosea. Bibi yako alipofariki, nilikaa miezi nikitafuta usingizi tena, nikajichemshia mwenyewe, hakuna mtoto wa kutumwa, hakuna mtu kibarazani, na nililala. Kwa hiyo jani lina lake. Ingawa pia harufu ile ni yeye mwenyewe, sasa hapo nitajuaje nililazwa na nani?

Jirani yetu mfamasia, yule aliyestaafu, tunagombana naye jambo hili kila jioni. Yeye anasema vitu hivi vina kemia yake, tuache ushairi. Harufu ya mchaichai ni sitrali, hiyohiyo iliyomo kwenye ganda la limau. Kuna mzizi wa Ulaya unaitwa valeriani, unanuka kama soksi za askari, ambao Shirika la Dawa la Ulaya linaukubali kwa wasiwasi mdogo na tabu ya usingizi, lakini uunywe wiki mbili hadi nne ndipo uone kitu. Kuna na pasheni la porini la Marekani, ndugu yake hili letu la juisi. Inadhaniwa vinaigusa ile kemikali ya ubongo inayoziambia neva zipunguze kelele. Na pale Muhimbili wanachunguza dawa za waganga tangu 1974, hawalidharau jani, wanalipima.

Alivyonieleza mfumo wa neva nilimwelewa upesi kwa sababu ni boila tupu. Ukiogopa, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, kisha kotisoli, moyo unasukuma, sukari inapanda kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi. Mwili umewasha moto wa kukimbia, nawe umekaa kwenye kiti unajumlisha mafungu ya watu. Mvuke huo uende wapi? Kuna neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni ambayo kazi yake ni kufungulia, na inaitika ukitoa pumzi taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Nikamuuliza: na mtu aliyekaa kibarazani anapuliza chai ya moto, kikombe hadi kikombe, "pole pole, ni ya moto", hiyo je? Akanyamaza kidogo. Akasema hiyo ndiyo yenyewe. Jioni ile nilimshinda.

Huo unga wako sasa. Jina lake ni la Kisanskriti, maana yake harufu ya farasi, na mmea wenyewe unaota porini hata huku kwetu Afrika Mashariki, basi usidhani umeletewa muujiza wa ng'ambo. Wahindi wanautumia karne na karne, na majaribio madogo madogo yameonyesha baadhi ya watu wenye msongo walitulia na kulala vizuri kidogo. Sikatai. Lakini wako walioumia ini, Denmark imeupiga marufuku mwaka 2023, na mjamzito haambiwi hata aunuse. Na wewe umesahau jambo, au umejisahaulisha, nalo ni shingo yako. Tangu ulipopasuliwa rovu unakunywa kile kidonge cha tezi ya shingo kila asubuhi. Ashwagandha inaweza kuipandisha homoni hiyohiyo iliyomo kwenye kidonge. Homoni ya tezi ikizidi mwilini hufanya nini? Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukimbia. Mwanangu, unaweza kuwa unakunywa kungumanga mbili na kusubiri saa saba.

Tena hata bila unga, mara ya mwisho kupimwa damu ya tezi ni lini? Inawezekana si hesabu za benki peke yake, kipimo cha kidonge nacho kimezidi. Uende ukapimwe, na kopo la unga uende nalo mkononi, ulitoe mezani mbele ya daktari. Unga huo umesema haukuwa na karatasi wala jina la aliyeutengeneza. Hapo hata mimi nisiyesoma famasia nasema uache leo. Na huyo mwenzako akikuletea kile cha maua ya njano wanachokiita haiperikamu, kikatae kabisa. Kinalifanya ini lizivunje haraka dawa nyingine, za ARV, za kuzuia damu kuganda, za kupanga uzazi, ukawa kama hukumeza. Hiyo ya mwisho sitaendelea nayo, mimi ni baba yako.

Mchaichai kunywa. Mrehani tia. Kungumanga, mara mbili kwa ncha ya kisu, na ukinificha ukakwangua ya tatu nitajua.

Nikisema hivi namkumbuka mjomba wako na safari yake ya Samunge mwaka 2011, kwenye kikombe cha yule babu wa Loliondo aliyekuwa akinywesha watu dawa, shilingi 500. Alikaa foleni siku nne ndani ya gari na watu asiowajua, wakasimuliana maradhi yao yote, wakagawana mikate. Alirudi ametulia jinsi sijapata kumwona. Nikamwambia mama yako, unaona, ni watu waliomtuliza, si kikombe. Nilifurahi sana na hoja yangu. Nami nikiwa nafurahia hoja, yeye alikuwa ameacha vidonge vya sukari, kimya kimya, na sikumuuliza. Mguu ule unaujua. Kwa hiyo watu wake walimtuliza, ndiyo, na alikuwa na siri mfukoni vilevile. Sijui niiweke wapi hiyo kwenye maneno yangu. Jirani ananiambia maana yake ni moja tu, kwamba mgonjwa hatupi vidonge, niache kuzunguka. Labda.

Unasubiri nikuambie umwambie Hamadi. Sikuambii. Nimeliandika neno hilo mara mbili nikalikata, ukitazama karatasi utaona. Wewe ni mtu mzima, una nyumba yako, na huenda una sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri sana. Nilikuwa nikizipanga kila siku pale bustanini kuanzia saa moja asubuhi, na kila siku zilizidi kuwa nzuri: mzazi asishtushwe, maziwa yasikauke, mkwe asinidharau, kazi nyingine iko karibu. Sikuwa mwongo, nilikuwa na huruma. Huruma yangu ikafuliwa na kuanikwa wiki tano.

Ila sisemi kitu. Hamadi ni kijana mtulivu, na wewe unadhani hasikii mtu akiinuka saa tisa usiku kwenda kuzungumza na simu jikoni. Hilo nalo silisemi.

Mama yako sijamwambia. Umeniomba, nami nimenyamaza, na unajua jinsi ninavyojua kunyamaza mimi katika nyumba hii.

Nakuletea mashina matano ya mchaichai kwa basi la kesho asubuhi, atayashika yule konda mrefu anayeswali na mimi, mpigie ukifika stendi. Ni kutoka kwenye kichaka cha bibi yako kilekile cha pembeni ya bomba. Yapande kwenye ndoo iliyotobolewa chini, weka pale barazani penye jua, maji usizidishe. Kwa wiki mbili yatakauka ncha utadhani yamekufa, usiyang'oe. Ukikata jani kata chini karibu na shina, na uangalie, linakata vidole kama wembe.

Mrehani nimeufunga kwenye gazeti lenye unyevunyevu. Furushi lenyewe kalifunga mama yako, maana vidole vyangu siku hizi havishiki kamba vizuri. Hakuuliza ni la nini. Ameingia ndani, akatoka na kungumanga, akaipachika katikati ya mashina. Moja tu. Nikamtazama. Akasema, "Mwambie ni ya kukwangua."

Baba yako